Kifafa na kazi: Namna ya kulinda uhai bila kupoteza ajira

KWA mkulima wa mpunga wa kata ya Tindiga, wilayani Kilosa, kuanguka kifafa kwa dakika mbili akiwa nyumbani kunaweza kuishia katika maumivu ya kichwa na usingizi mzito. Kuanguka kwa dakika hizo hizo mbili akiwa peke yake ndani ya jaruba lenye maji kunaweza kuishia katika kifo. Ugonjwa ni ule ule na mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali alipokuwa na watu waliokuwa karibu naye.

Hapo ndipo lilipo suala zima la kifafa na kazi. Jamii imezoea kuuliza iwapo mtu mwenye kifafa anaweza kufanya kazi, na mara nyingi jibu hutolewa kabla swali halijakamilika. Ukweli ni kwamba wengi wanafanya kazi tayari: mashambani, madarasani, maofisini, sokoni na viwandani. Wengine wanafanya hivyo bila majirani wala wakubwa wao kujua. Swali lenye manufaa zaidi ni kazi ipi, katika mazingira gani, kwa dawa ipi, na nani kazini anayejua la kufanya siku mgonjwa atakapoanguka.

Ugonjwa wa ubongo, si laana

Kifafa ni ugonjwa sugu wa ubongo. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana, na pale umeme huo unapofyatuka bila mpangilio, mgonjwa hupatwa na shambulio. Shambulio linalojulikana na wengi ni lile la kuanguka, kukakamaa, kutupa mikono na miguu na kutokwa povu. Lakini yapo mengine yasiyo na kishindo: mtu hukodoa macho kwa sekunde chache bila kusikia, hutafunatafuna midomo, au huchezacheza na nguo bila kujitambua. Kazini, mashambulizi ya namna hii huchukuliwa kuwa ni uvivu, kiburi au ulevi.

Madaktari humhesabu mtu kuwa na kifafa anapopata mashambulizi mawili au zaidi, yaliyopishana kwa zaidi ya saa 24, bila chanzo cha papo kwa papo kama vile homa kali au sukari kushuka mwilini. Kwa hiyo, aliyeanguka mara moja akiwa na malaria kali hapaswi kupewa jina hilo kwa haraka, wala mtoto aliyepata degedege la homa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila mashambulizi iwapo wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Hata hivyo, katika nchi maskini wagonjwa watatu kati ya wanne hawapati tiba wanayoihitaji.

Vyanzo vyake katika Afrika Mashariki vinajulikana kwa sehemu kubwa: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, majeraha ya kichwa yatokanayo na ajali, kiharusi, na mabuu ya minyoo tegu ya nguruwe yanayojichimbia katika ubongo. Kwa baadhi ya wagonjwa chanzo hakipatikani kabisa. Katika orodha hiyo hakuna chanzo hata kimoja kinachoambukizwa kwa kumshika mgonjwa aliyeanguka. Povu lake haliambukizi kifafa, mkojo wake hauambukizi, wala sahani aliyolia chakula.

Mkoa wa Morogoro na historia ndefu

Mkoa wa Morogoro, ambamo ndimo ilimo wilaya ya Kilosa, una nafasi ya pekee katika historia ya ugonjwa huu barani Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, wilayani Ulanga. Alikuta wagonjwa waliotengwa na jamii zao, baadhi yao wakiwa na makovu makubwa ya moto kwa sababu waliangukia mafiga na watu wakaogopa kuwagusa ili kuwaokoa. Aliwapa dawa, na wengi walianza kurejea katika shughuli za kawaida. Ni yeye pia aliyeandika habari za watoto waliokuwa wakitikisa kichwa kama wanaosinzia, hali ambayo miongo kadhaa baadaye ilizua wasiwasi mkubwa kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini.

Miaka ya baadaye, Dk. Henry Rwiza na wenzake walifanya utafiti katika vijiji 11 vya Ulanga, uliochapishwa mwaka 1992, wakiwachunguza zaidi ya watu 18,000. Waligundua kuwa watu wapatao 10 kati ya kila 1,000 walikuwa na kifafa. Utafiti wao mwingine wa mwaka 1993, uliowahoji wakuu wa kaya zaidi ya 3,000, ulionyesha kuwa asilimia 40.6 waliamini kifafa huambukizwa, ama kwa kugusana, kwa pumzi au kwa kula pamoja. Mtu mwenye imani hiyo hawezi kutegemewa kumgeuza mwenzake ubavu anapoanguka kazini.

Sababu mojawapo ya wingi wa kifafa Mahenge ni usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi weusi wadogo wanaozaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi, na ambao hujulikana zaidi kwa kupofusha macho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika vijiji vya Mahenge vilivyoathirika zaidi, asilimia 3.5 ya wakazi walikuwa na kifafa, ikilinganishwa na asilimia 1.5 katika vijiji vilivyo karibu na mji. Hali hiyo ilikuwapo ingawa dawa ya ivermektini ilikuwa ikigawiwa katika eneo hilo kwa takribani miaka 20. Kilosa nayo imo katika orodha ya maeneo ya Tanzania yaliyotambuliwa kuwa na usubi. Kwa hiyo, mkazi anayemeza dawa hiyo siku ya ugawaji analinda macho, na huenda pia analinda ubongo wa watoto wake.

Gharama ya kuficha

Mgonjwa wa kifafa hujifunza mapema kuficha. Anajua kuwa habari ikienea, huenda akakosa mchumba, nyumba ya kupanga au kibarua. Hata sheria ziliwahi kuipa nguvu hofu hiyo: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka mashambulizi ya mara kwa mara ya kifafa, pamoja na wazimu, miongoni mwa mambo yanayoweza kuifanya ndoa ibatilishwe iwapo yalikuwapo wakati wa kufunga ndoa.

Kazini, kuficha kuna gharama tatu. Ya kwanza ni dawa: anayeficha humeza kwa kujiiba, huruka dozi akiwa na wenzake, na huogopa kuomba ruhusa ya siku moja kwenda kliniki. Ya pili ni hatari: hawezi kukataa kupanda juu ya mnazi, juu ya paa au juu ya shehena ya lori bila kueleza sababu. Ya tatu ni ya kisheria: siku atakapoanguka mbele ya watu, mwajiri asiyejua lolote anaweza kudhani amelewa au amedanganya, na mfanyakazi hana karatasi hata moja ya kujitetea.

Hata hivyo, kutangaza kwa kila mtu nako si lazima. Wengi wanaodumu kazini huchagua njia ya kati: humweleza msimamizi mmoja na mwenzao mmoja au wawili wanaokuwa nao karibu kwa muda mrefu. Maelezo yenyewe huwa mafupi na yenye vitendo: jina la ugonjwa, shambulio linavyoonekana, linavyochukua muda, kitu cha kufanya, kitu cha kutofanya, na namba ya simu ya ndugu. Mazungumzo hayo hufaa zaidi kufanyika siku ambayo mgonjwa yuko salama kuliko siku anayozinduka sakafuni akiwa amezungukwa na watu.

Dawa na saa za kazi

Nguzo ya kwanza ya ajira kwa mtu mwenye kifafa ni dawa inayomezwa kila siku bila kukosa. Zinazotumika zaidi nchini ni fenobabitali, fenitoini, karbamazepini na valproeti. Kila moja ina faida na kero zake, na kero hizo hugusa kazi moja kwa moja.

Fenobabitali ni ya bei nafuu na humezwa mara moja kwa siku, kwa kawaida usiku. Lakini huleta usingizi na uzito wa kufikiri, hasa majuma ya mwanzo au dozi inapokuwa kubwa. Mwalimu, karani au mshonaji anayeona kuwa ameanza kukosea mahesabu au kusinzia mchana anapaswa kumweleza mganga, kwa sababu dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa taratibu. Karbamazepini kwa kawaida humezwa asubuhi na jioni, hivyo haihitaji kubebwa kazini. Valproeti haifai kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine, kwani inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Fenobabitali, fenitoini na karbamazepini zinaweza kupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo, kila mganga anapaswa kuelezwa dawa zote ambazo mgonjwa anatumia.

Kosa kubwa linalofanyika ni kuacha dawa ghafla baada ya miezi kadhaa bila kuanguka, mgonjwa akidhani amepona. Kuacha kwa namna hiyo kunaweza kuleta mashambulizi mfululizo yanayoua. Mganga anaweza kufikiria kupunguza dawa polepole pale mgonjwa anapomaliza walau miaka miwili bila shambulio, na uamuzi huo hautakiwi kuangukia msimu wa kazi nyingi.

Kosa la pili ni kuishiwa. Fenobabitali ni dawa inayodhibitiwa kisheria na haipaswi kuuzwa kiholela, hivyo si rahisi kuipata usiku dukani. Mkazi wa Tindiga anayetegemea kituo cha afya, hospitali ya wilaya mjini Kilosa au Hospitali ya Mtakatifu Kizito iliyopo Mikumi anapaswa kuhesabu siku, hasa katika masika ambapo mafuriko na tope huweza kukata barabara. Kurudi kliniki juma moja kabla vidonge havijaisha ni tahadhari ndogo inayookoa kibarua.

Mbali na dawa, mambo yanayochochea mashambulizi ni pamoja na kukosa usingizi, pombe, na homa. Zamu za usiku zinazobadilika kila juma ni adui mkubwa; mfanyakazi anayeweza kupangiwa zamu ya mchana tu hupunguza hatari bila kumgharimu mwajiri fedha nyingi. Kwa Waislamu wanaotaka kufunga Ramadhani, ni vyema kumwona mganga kabla ya mwezi kuanza ili ashauri kama dozi zinaweza kupangwa kati ya futari na daku, na kama usingizi utatosha.

Kazi zipi zina hatari?

Kanuni ni rahisi kuieleza ingawa ni chungu kuifuata: mtu ambaye bado anaanguka hapaswi kufanya kazi ambayo sekunde chache za kupoteza fahamu zinaweza kumuua yeye au mwingine.

Udereva ndio mfano ulio wazi zaidi. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya Mikumi, na vijana wengi wa wilaya hiyo wanaishi kwa bodaboda au kwa utingo wa malori. Mtu mwenye kifafa kisichodhibitiwa hapaswi kushika usukani wala kupakia abiria, hata kama mapato yake yote yanatoka huko. Nchini Uingereza, dereva wa gari dogo aliyepata mashambulizi ya kifafa akiwa macho hutakiwa kukaa mwaka mmoja bila kuanguka kabla ya kurejea barabarani, na dereva wa lori kubwa au basi miaka 10 bila kuanguka na bila kutumia dawa. Tofauti hiyo inaonyesha namna wataalamu wanavyopima: uzito wa hatari hufuata ukubwa wa gari na idadi ya watu wanaoweza kudhurika.

Kazi nyingine zinazohitaji tahadhari ni zile za juu, kama kuezeka, kujenga ghorofa au kupanda minara. Zile za majini, kama uvuvi na kupandikiza mpunga katika maji mengi. Na zile za mashine zisizo na kinga. Kilosa ni wilaya ya mkonge tangu enzi za ukoloni, na mashine za korona zinazokamua majani ya mkonge hazimsubiri mtu kuzinduka. Katika mashamba ya miwa yaliyo upande wa kusini mwa wilaya, hatari hutokana na panga, na mahali miwa inapochomwa kabla ya kukatwa, moto wenyewe.

Lakini kila sehemu ya kazi ina kazi nyingi ndani yake. Shamba la mkonge lina mizani, ghala, kitalu, na hesabu za mahudhurio. Shamba la miwa lina kupanda, kupalilia, na kutunza stoo. Shule ina chaki na madaftari, ambavyo havimdhuru anayeanguka. Kumhamisha mfanyakazi kutoka korona hadi kitalu hakumnyimi mwajiri nguvu kazi, na humwachia mfanyakazi mshahara.

Kwa mama lishe, hatari iko jikoni. Jiko lililojengewa kwa udongo hadi usawa wa kiuno ni salama kuliko mafiga yaliyo chini. Sufuria kubwa ya mafuta ya moto ibebwe na mwenzake, na mama apike akiwa na mtu karibu. Kwa fundi cherehani, mashine ya miguu ina nafuu kuliko ya umeme, kwa sababu husimama pale mguu unapoacha kukanyaga.

Sheria inasemaje?

Kwa mfanyakazi mwenye mwajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ndiyo ngao ya kwanza. Inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, ukiwamo ulemavu, na inasema kuwa sababu inayohusiana na ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, iliyotungwa mwaka mmoja baada ya Tanzania kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, inautazama ulemavu si kwa upungufu wa mwili au akili peke yake, bali pia kwa vikwazo vya mitazamo na mazingira vinavyombana mhusika. Mtu anayenyimwa kazi anayoiweza kwa sababu tu wenzake wanaogopa kifafa ana hoja ya kusimamia hapo. Sheria hiyo pia inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha walau asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi.

Kuhusu ugonjwa, sheria ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila kipindi cha miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu mshahara. Sharti ni cheti cha daktari. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini kwa kawaida hastahili likizo ya malipo, lakini sheria inawatambua wafanyakazi wa msimu, pamoja na wale walioajiriwa zaidi ya mara moja na mwajiri yule yule ndani ya mwaka iwapo jumla ya muda wao inazidi miezi sita. Kipengele hiki kina maana kubwa katika wilaya ya mashamba makubwa, ambako wengi huitwa na kuachwa kwa misimu.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kwa sababu ya afya apime kwanza ukubwa wa tatizo, kama ni la muda au la kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa au nyingine kupatikana. Na katika yote hayo amshirikishe mfanyakazi mwenyewe. Anayeona ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Siku hizo hupita haraka kwa mtu aliyerudi kijijini kujiuguza.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inahusu uchunguzi wa afya za wafanyakazi, na inawapa wafanyakazi wajibu wa kujali usalama wao na wa wenzao. Kwa hiyo, haki ya kubaki kazini haimpi mtu ruhusa ya kuficha kifafa huku akiendesha mtambo au gari la kampuni. Haki na wajibu hapa vinakwenda pamoja.

Silaha ya mfanyakazi katika haya yote ni karatasi: kadi ya kliniki yenye tarehe, barua ya daktari inayoeleza kazi anazoweza na asizoweza, nakala ya barua ya kuomba kubadilishiwa kazi, na jibu la mwajiri. Daftari dogo la kuandika tarehe ya kila shambulio, saa, na kilichotangulia lina faida maradufu. Linamsaidia mganga kupanga dozi, na linaweza kumthibitishia mwajiri kuwa mwaka mzima umepita bila tukio.

Wasio na mwajiri

Wakazi wengi wa Tindiga hawana mkataba, msimamizi wala likizo. Wanalima, wanafuga, wanauza genge au wanabeba mizigo. Kwao sheria za ajira hazifiki, na jirani ndiye anayebeba nafasi ya mwajiri.

Kwa hawa, mpango wa kazi ni mpango wa watu. Kwenda shamba wawili wawili, au kuchukua ploti inayopakana na ya ndugu, ni kinga bora kuliko zote. Kazi za jaruba lenye maji mengi zinaweza kubadilishanwa na za nchi kavu: mwenye kifafa akapepeta, akaanika na kulinda ndege, mwenzake akapandikiza. Kuteka maji mtoni na kuoga mtoni peke yake viepukwe. Ndoo na kopo nyumbani vinatosha. Vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kumsaidia aliyelazimika kuacha bodaboda aanzishe duka au mradi wa kuku, ili kuacha usukani kusiwe sawa na kuacha kula.

Akianguka kazini

Mashambulizi mengi huisha yenyewe ndani ya dakika moja hadi tatu. Wenzake wanapaswa kuondoa vitu vyenye ncha, moto na mashine karibu naye, kumwekea kitu laini chini ya kichwa, kulegeza nguo za shingoni, na kumlaza ubavu pale mtukutiko unapopungua ili mate yatoke. Wasimshikilie kwa nguvu, wasimtie kijiko, kitambaa wala maji mdomoni, na wasimnusishe kiberiti wala kiatu. Kama ameangukia majini, kichwa kitolewe juu ya maji mara moja na asaidiwe kutoka.

Hospitali ni lazima iwapo shambulio limepita dakika tano, limejirudia kabla hajazinduka, ameumia, ni mjamzito, aliangukia majini, au ni mara yake ya kwanza. Vinginevyo anahitaji mahali pa kupumzika, mtu wa kukaa naye na maelezo ya utulivu ya yaliyotokea, kwa sababu yeye mwenyewe hakumbuki. Wengine huweza kurejea kazini baada ya saa chache, wengine kesho yake.

Anachokikuta anaporejea ndicho huamua yatakayofuata. Akikuta kazi yake ipo na wenzake wanamsalimu kama jana, ataendelea kumeza dawa hadharani na kusema mapema anapojisikia vibaya. Akikuta amepewa barua au amenyamaziwa, atahamia mahali pengine na kuanza kuficha upya, dozi zitarukwa, na siku moja ataanguka mbele ya watu wasiojua la kufanya.